Friedrich Trendelenburg: Bingwa wa upasuaji aliyefunga mshipa wa pajani ili mguu upone

Na Mwandishi Wetu

KATIKA vyumba vya upasuaji, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Berlin, lipo jina moja ambalo hutajwa mara kwa mara bila wanaolitaja kupata nafasi ya kumfikiria aliyekuwa nalo.

Daktari anapotaka kitanda kiinamishwe ili kichwa cha mgonjwa kiwe chini na nyonga ziwe juu, hutaja jina hilo. Anapompima mtoto anayechechemea, hulitaja tena. Na anapochunguza mguu uliojaa mishipa iliyovimba na kujisokota kama mizizi ya mti mkongwe, hulitaja kwa mara ya tatu.

Jina hilo ni Trendelenburg. Mwenye nalo alikuwa Mjerumani, mtoto wa mwanafalsafa, na alifariki dunia mwaka 1924 baada ya kutumia zaidi ya miaka 40 ya maisha yake akiwa na kisu cha upasuaji mkononi.

Kati ya yote aliyoyaacha, kazi yake kuhusu mishipa ya miguu ndiyo iliyowagusa watu wengi wa kawaida: wahudumu wa maduka, wafanyakazi wa viwandani, akina mama waliozaa watoto wengi, na kila mtu ambaye riziki yake ilimtaka asimame kutwa nzima.

Ni maradhi ambayo wengi huyachukulia kuwa ni suala la sura ya mguu tu. Lakini mguu wa namna hiyo usipotibiwa, ngozi ya karibu na kifundo huweza kubadilika rangi, ikawa nyeusi na ngumu, kisha ikachimbika na kuwa donda ndugu ambalo hukaa miaka mingi bila kufunga.

Utotoni Berlin, ujana Uskoti

Friedrich Trendelenburg alizaliwa Mei 24, 1844 mjini Berlin, wakati huo ukiwa makao makuu ya ufalme wa Prussia. Baba yake, Friedrich Adolf Trendelenburg, alikuwa profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Berlin na mmoja wa wataalamu waliosifika wa maandiko ya Aristotle.

Katika nyumba hiyo vitabu vilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Masomo ya kwanza ya mtoto huyo yalitolewa nyumbani na wazazi wake, na lugha ya Kiingereza aliijua mapema kuliko vijana wengi wa rika lake.

Lugha hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa kwanza. Akiwa bado kijana mdogo alivuka bahari hadi Uskoti, akakaa Glasgow, ambako alisoma anatomia kwa Profesa Allen Thomson, na pia akafika Edinburgh.

Aliporejea Berlin aliendelea na masomo ya udaktari chini ya Bernhard von Langenbeck, aliyekuwa mwalimu mkuu wa wapasuaji wa Ujerumani. Mwaka 1866, akiwa na umri wa miaka 22, alitunukiwa shahada ya udaktari kwa tasnifu aliyoiandika kwa Kilatini kuhusu upasuaji wa Wahindi wa kale.

Mada hiyo ilikuwa ngeni kwa kijana wa Kijerumani wa zama zile. Lakini ilionyesha tabia iliyodumu naye maisha yote: kabla ya kukata, alitaka kujua waliomtangulia walikata nini, na kwa sababu gani.

Kuanzia mwaka 1868 hadi 1874 alikuwa msaidizi wa Langenbeck. Hiyo ilikuwa miaka ya mapinduzi katika tiba. Dawa ya usingizi ilikuwa imekwishaanza kutumika, na Joseph Lister alikuwa amekwishatangaza, mwaka 1867, njia yake ya kuua vijidudu kwenye jeraha kwa tindikali ya kaboliki.

Akiwa hapo, Trendelenburg alitengeneza mrija wa kuingizwa kwenye koo la mgonjwa, uliozungushiwa kifuko cha mpira kinachojazwa hewa. Kifuko hicho kiliziba njia ya hewa pembezoni mwa mrija, hivyo damu ya upasuaji wa mdomo au taya haikuweza kushuka mapafuni na kumpalia mgonjwa aliyelala usingizi wa dawa. Mirija inayotumika leo katika vyumba vya upasuaji na vya wagonjwa mahututi bado hubeba wazo hilo hilo la kifuko cha hewa.

Baada ya kuongoza kwa muda mfupi idara ya upasuaji katika hospitali ya Friedrichshain mjini Berlin, mwaka 1875 aliteuliwa kuwa profesa wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Rostock, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani. Alikuwa na miaka 31.

Akiwa Rostock alimtibu mvulana ambaye umio wake ulikuwa umeziba, asiweze kumeza chakula. Trendelenburg alifungua tundu kwenye tumbo hadi ndani ya mfuko wa chakula, akaweka mrija. Mvulana huyo alitafuna chakula chake mdomoni, akapata ladha yake, kisha akakipuliza kupitia mpira hadi tumboni. Kwa namna hiyo aliishi.

Bonn, na kitanda kilichoinamishwa

Mwaka 1882 alihamia Chuo Kikuu cha Bonn, kando ya mto Rhine. Ni huko alikofanya kazi zilizompa jina.

Kwanza ni ile ya kitanda. Wapo wanawake ambao baada ya uchungu wa kujifungua uliochukua muda mrefu hubaki na tundu kati ya kibofu cha mkojo na uke, na mkojo ukawa unawatoka bila kukoma. Ni maradhi ya fistula, yanayofahamika vyema Afrika Mashariki, ambako hospitali kama CCBRT ya Dar es Salaam huwatibu wanawake hao hata leo.

Ugumu wa upasuaji huo ni kufika mahali penyewe, kwa kuwa utumbo hushuka na kuziba njia. Trendelenburg alimlaza mgonjwa chali, akainua nyonga zake juu zaidi ya kichwa. Utumbo ukateremka kuelekea kifuani kwa uzito wake wenyewe, na nyonga ikabaki wazi mbele ya macho ya mpasuaji.

Mwanafunzi wake, Willy Meyer, aliyekuja kuwa mpasuaji jijini New York, aliuandikia mlalo huo mwaka 1885. Miaka mitano baadaye, mwaka 1890, Trendelenburg mwenyewe alichapisha maelezo yake kuhusu upasuaji wa fistula kwa njia hiyo. Tangu hapo mlalo huo umeitwa kwa jina lake.

Maradhi ya kale, tiba ya maumivu

Kazi ya pili ya Bonn ilihusu miguu, na hapo Trendelenburg alikuta tatizo lenye umri wa maelfu ya miaka.

Waganga wa Misri ya kale waliifahamu mishipa iliyojisokota na waliogopa kuikata, kwa kuwa damu iliyotoka ingeweza kumuua mgonjwa. Waganga wa Roma walikuwa wajasiri zaidi. Celsus, aliyeandika katika karne ya kwanza, alieleza namna ya kuichoma mishipa hiyo kwa chuma cha moto au kuinyofoa. Galen, katika karne iliyofuata, alitumia kulabu.

Mwanahistoria Plutarch ameeleza habari za Gaius Marius, jemadari wa Roma aliyefariki mwaka 86 kabla ya Kristo. Miguu yake yote miwili ilikuwa imejaa mishipa iliyovimba. Alikubali kupasuliwa mguu mmoja, akavumilia bila kufungwa kamba na bila kutoa sauti. Waganga walipotaka kuendelea na mguu wa pili, jemadari huyo aliyezoea vita alikataa, kwa kuwa aliona tiba haikustahili maumivu yale.

Hali haikubadilika sana kwa karne nyingi. Wagonjwa walifungwa bendeji, wakaambiwa walale na kuinua miguu. Waliopasuliwa walikatwa sana. Mwaka 1884, Otto Madelung, ambaye ndiye aliyerithi kiti cha Trendelenburg huko Rostock, alieleza njia ya kuupasua mguu kwa mkato mrefu na kuuondoa mshipa wenyewe. Mgonjwa alibaki na kovu refu na majuma ya kuuguza jeraha.

Trendelenburg aliliendea suala hilo kutoka upande mwingine. Kabla ya kuuliza mshipa uondolewe vipi, aliuliza damu iliyoujaza inatoka wapi.

Damu inayorudi nyuma

Ili kuelewa swali hilo, ni vizuri kufahamu safari ya damu mguuni. Ateri huishusha damu kutoka kwenye moyo. Vena huirudisha juu, na kazi hiyo ni nzito, kwa sababu binadamu aliyesimama huibeba damu hiyo dhidi ya uzito wake kutoka unyayoni hadi moyoni.

Ndani ya vena mna vali ndogo, mithili ya milango inayofunguka upande mmoja tu. Mtaliano Fabricius alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1603, na mwanafunzi wake, Mwingereza William Harvey, alizitumia mwaka 1628 kuthibitisha kwamba damu huzunguka mwilini. Mtu anapotembea, misuli ya mguu huzikamua vena zilizo ndani, damu hupanda, na vali huizuia isirudi.

Juu juu, chini ya ngozi, ipo vena ndefu kuliko zote mwilini, iitwayo safena kubwa. Huanzia kwenye mguu, hupanda upande wa ndani wa muundi na paja, na kuishia kwenye kinena ambako humimina damu yake katika vena kubwa ya ndani. Vali zake zikiharibika, milango hubaki wazi, na damu inayopaswa kupanda hushuka.

Trendelenburg alilionyesha jambo hilo kwa kipimo ambacho hakikuhitaji chombo chochote zaidi ya kitanda na kidole.

Alimlaza mgonjwa, akauinua mguu hadi damu yote ya mishipa iliyovimba ikatoka na mishipa ikalala. Kisha alibana kwa kidole vena ya safena pajani, akamtaka mgonjwa asimame. Mishipa ilibaki imelala, ikijaa polepole tu kutoka chini.

Alipoondoa kidole, damu ilishuka ghafla kutoka juu, na mishipa ikavimba papo hapo. Kwa jicho la kawaida, bila darubini wala mashine, ilionekana wazi kwamba chanzo cha ugonjwa wa muundi kilikuwa juu pajani.

Aidha, alieleza kuwa katika mguu wa namna hiyo damu hujitengenezea mzunguko wake wa pembeni. Hushuka kupitia safena iliyoharibika, huingia kwenye vena za ndani kupitia mishipa midogo inayounganisha, hupanda hadi kwenye kinena, kisha huporomoka tena katika safena ile ile. Damu hiyo huzunguka mguuni bila faida, huku ngozi ya kifundo ikibeba mgandamizo usiopungua hata mtu anapotembea.

Vipimo vya baadaye vimeonyesha uzito wa jambo hilo. Kwa mtu mzima aliyesimama wima, mgandamizo wa damu katika vena za karibu na kifundo hufikia milimita 80 hadi 90 za zebaki. Kwa mwenye vali nzima, mgandamizo huo hushuka sana anapoanza kutembea. Kwa mwenye vali zilizoharibika, hushuka kidogo tu.

Baada ya kufahamu hilo, tiba ilijitokeza yenyewe. Ikiwa kidole pajani kinaizuia damu isishuke, uzi unaweza kufanya kazi hiyo kwa kudumu.

Trendelenburg alifanya mkato mdogo kwenye paja, akaitafuta safena, akaifunga kwa uzi sehemu mbili na kuikata katikati. Mishipa ya chini aliiacha ilivyo. Aliichapisha kazi hiyo mwaka 1891, na kwa mara ya kwanza tiba ya maradhi haya ikawa imejengwa juu ya maelezo yaliyoweza kuthibitishwa mbele ya mgonjwa mwenyewe.

Haikuwa kwamba hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hilo. Tommaso Rima wa Italia alikuwa amewahi kuifunga vena hiyo miongo mingi kabla yake, na Sir Benjamin Brodie wa London alieleza mwaka 1846 uchunguzi unaofanana na ule wa kidole. Lakini kazi zao hazikuenea. Trendelenburg ndiye aliyeunganisha kipimo, sababu na tiba katika hoja moja ambayo madaktari wa nchi nyingine waliweza kuifuata.

Uzi uliofungwa chini mno

Hata hivyo, haikuchukua muda kasoro ikaonekana. Baadhi ya wagonjwa walirudi na mishipa iliyovimba upya.

Georg Perthes, msaidizi wake wa Bonn ambaye baadaye alifuatana naye Leipzig, aliwafuatilia wagonjwa waliofanyiwa upasuaji huo na mwaka 1895 akachapisha matokeo. Wengi walikuwa wamepata nafuu na vidonda vyao kufunga, lakini kwa wengine ugonjwa ulikuwa umerudi.

Sababu ilikuwa mahali pa kufunga. Trendelenburg aliifunga vena pajani, chini ya kinena. Juu ya fundo lake yalibaki matawi ya vena ambayo damu iliweza kuyapitia, ikazunguka na kushuka tena.

Wapasuaji waliofuata walipanda juu. Moore wa Melbourne, Australia, alishauri mwaka 1896 vena ifungwe kwenye kinena chenyewe. Mwaka 1916 John Homans wa Boston, Marekani, alisisitiza kwamba ifungwe pale pale inapoungana na vena ya ndani, pamoja na matawi yake yote.

Wengine walitafuta namna ya kuiondoa vena bila mkato mrefu. William Keller mwaka 1905, Charles Mayo mwaka 1906 na William Wayne Babcock mwaka 1907, wote wa Marekani, walibuni vifaa vya kuichomoa kupitia matundu madogo. Kifaa cha Babcock kilikuwa waya wenye kichwa kama punje ya zeituni, uliopitishwa ndani ya vena na kuvutwa pamoja nayo.

Kuifunga vena kwenye kinena na kuichomoa ndiko kulikokuwa upasuaji wa kawaida wa maradhi haya kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Wazo la msingi lilibaki lile la Bonn: zuia kwanza damu inayoshuka kutoka juu.

Leipzig, na bonge la damu

Mwaka 1895 Trendelenburg aliitwa Leipzig, moja ya vyuo vikuu vikubwa vya Ujerumani, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 1911.

Mwaka huo huo wa 1895 aliandika kuhusu mwendo wa watoto waliozaliwa na nyonga iliyoteguka. Alionyesha kuwa wanachechemea kwa sababu misuli ya pembeni mwa nyonga imedhoofika, ikashindwa kuishikilia nyonga isilalie upande wa mguu ulioinuliwa. Kipimo cha kumtaka mgonjwa asimame kwa mguu mmoja, kinachotumika katika kliniki za mifupa hadi leo, kinatokana na kazi hiyo.

Lakini jambo lililomsumbua zaidi Leipzig lilikuwa kifo kilichokuja bila hodi.

Kila mpasuaji wa zama zile alikifahamu. Mgonjwa aliyepasuliwa salama, jeraha limekauka na familia inajiandaa kumpokea nyumbani, ghafla alishika kifua, akahema, akaanguka na kufa. Maiti ilipofunguliwa, bonge la damu lilikutwa limeziba ateri ya mapafu. Mara nyingi lilikuwa limeganda kwenye vena za mguu au nyonga, likang'oka, likasafiri hadi moyoni na kusukumwa mapafuni.

Mtu aliyetumia miaka mingi akifuatilia njia ya damu mguuni sasa alikuwa mbele ya mwisho mbaya zaidi wa njia hiyo.

Trendelenburg aliona kwamba si kila mgonjwa hufa papo hapo. Wengine hubaki na dakika kadhaa. Alijiuliza kama dakika hizo zingetosha kukifungua kifua, kuipasua ateri, kulitoa bonge na kuishona.

Alifanya majaribio kwa ndama. Kifua kilifunguliwa upande wa kushoto, mpira ukapitishwa kuizunguka aota na ateri ya mapafu pamoja, ukakazwa ili damu isimame. Kuanzia hapo mpasuaji alikuwa na sekunde chache tu za kupasua, kuchomoa na kubana, kabla moyo na ubongo havijafa. Alibuni koleo maalumu kwa kazi hiyo.

Mwaka 1908 aliitangaza njia hiyo na kueleza wagonjwa aliowajaribu. Wote walikufa. Miaka iliyofuata wapasuaji wengine walijaribu, nao wagonjwa wao wakafa.

Wapo walioona kuwa ni ukatili kumfungua kifua mtu anayekata roho. Hoja ya upande wa pili nayo ilikuwa nzito: mgonjwa asipofunguliwa, hakika atakufa. Mjadala huo ulikuwa bado haujaisha Trendelenburg alipostaafu akiwa na miaka 67, bila kumwona hata mgonjwa mmoja akitoka hospitalini kwa miguu yake baada ya upasuaji huo.

Habari kutoka Königsberg

Baada ya kustaafu alirejea maeneo ya Berlin, akaishi Nikolassee. Aliendelea kuandika. Mwaka 1923 ilichapishwa historia yake ya miaka 25 ya kwanza ya Chama cha Wapasuaji wa Ujerumani, chama kilichoanzishwa mwaka 1872 na ambacho alikuwamo tangu siku zake za mwanzo. Mwaka 1924 ulitoka pia kitabu cha kumbukumbu za ujana wake.

Mwaka huo huo, Machi 18, katika mji wa Königsberg, mwanamke mwenye umri wa miaka 38 aliyekuwa amepasuliwa ngiri alishikwa na dalili zile zile za kifo cha ghafla. Daktari Martin Kirschner alikuwa karibu. Alimfungua kifua kwa njia ya Trendelenburg, akalitoa bonge la damu katika ateri ya mapafu, akaishona.

Mwanamke huyo alipona.

Ilikuwa miaka 16 tangu njia hiyo itangazwe. Mzee aliyeibuni alikuwa amebakiza miezi miwili kutimiza miaka 80, na aliishi kuupata ushahidi kwamba jambo alilolishindwa mwenyewe liliwezekana.

Bado waliopona kwa njia hiyo walikuwa wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 daktari kijana wa Marekani, John Gibbon, alikesha kando ya mgonjwa mwenye bonge la damu mapafuni huko Boston. Upasuaji wa Trendelenburg ulifanyika, lakini mgonjwa alikufa. Usiku huo ulimpa Gibbon wazo la mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda. Aliitumia kwa mafanikio kwa mara ya kwanza Mei 6, 1953 mjini Philadelphia, na upasuaji wa moyo wa kisasa ukaanzia hapo.

Friedrich Trendelenburg alifariki dunia Desemba 15, 1924, miezi tisa hivi baada ya ushindi wa Königsberg. Aliugua saratani ya taya la chini. Ni aina ya ugonjwa ambao yeye mwenyewe, akiwa kijana katika hospitali ya Langenbeck, alikuwa amebuni mrija ili wenye nao wapasuliwe bila damu kuwapalia.

Kilichobaki

Zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chake, si kila kitu alichokiacha kimedumu kama kilivyokuwa. Mlalo wa kichwa chini ulitumika kwa miongo mingi kwa watu waliopoteza damu nyingi au kuzimia, kwa imani kwamba ungeurudishia moyo damu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa faida yake kwa watu hao ni ndogo na ya muda mfupi. Yeye aliubuni kwa ajili ya upasuaji wa nyonga, na huko ndiko unakoendelea kuwa na manufaa.

Kipimo cha kidole nacho kimepisha mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo humwonyesha daktari damu ikipanda na kushuka ndani ya vena. Na badala ya kisu, hospitali nyingi zenye vifaa hupitisha ndani ya safena uzi mwembamba wa mwanga wa leza au wa mawimbi ya redio, vena ikaungua kwa ndani na kujifunga. Nchini Uingereza, mwongozo wa tiba wa mwaka 2013 uliiweka njia hiyo ya joto mbele, ikifuatiwa na dawa ya povu inayodungwa ndani ya vena, kisha upasuaji wa kufunga na kuchomoa.

Mgonjwa wa namna hiyo huweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, na huhimizwa atembee mapema ili damu isigande, jambo ambalo wagonjwa wa karne ya 19 waliolazwa kitandani kwa majuma walilikosa.

Lakini leza, povu na uzi vyote hutafuta jambo lile lile: kuufunga mlango wa juu ambao damu hupitia kushuka. Donda la kifundo hupona kwa kutibiwa paja. Alilionyesha hilo kwa kidole chake mjini Bonn, na madaktari hawajapata sababu ya kulipinga.